Maji Kwanza, Ndipo Kiberiti

Nilipokabidhi funguo za ghala, mmoja wenu aliniuliza, "Baba, kazi hii ya kuua panya kwa moshi uliipendea nini?" Nilicheka tu, kwa sababu garimoshi lilikuwa limekwisha piga filimbi na mzigo wangu ulikuwa ndani. Sasa nimeketi nyumbani Mwanda, ukungu uko mlangoni na hakuna anayeniita, nami nimepata nafasi ya kumjibu. Namshukuru Mungu aliyenipa miaka ya kuifanya kazi na macho ya kuiandika. Mapafu yangu nayo yanataka yatajwe, maana yanadai yenyewe ndiyo yaliyofanya kazi, mimi niliyabeba tu.

Niliteremka Voi nikiwa kijana niliyetoka shule ya misheni. Nilijua kusoma, kuandika, kuhesabu, na kuimba sauti ya chini. Hiyo ya mwisho hakuna aliyeniuliza kazini. Reli ilikuwa bado mpya, na watu wa milimani walishuka kuitazama kama waendao harusini. Padre wetu alisikia kwamba daktari wa serikali anatafuta kijana anayeweza kuhesabu bila kuchoka, akanituma mimi. Nilidhani nitavaa koti jeupe na kugawa dawa. Nilipofika nyuma ya stesheni nilimkuta mzee mwenye kofia ya kufuma kwa mkono, amechuchumaa mbele ya safu ya vizimba vya waya, anazungumza na panya.

"Wewe ndiye mtu wa milimani?" aliniuliza bila kugeuka.

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Waogopa panya?"

"Siogopi."

"Basi wewe mjinga. Mimi nimekaa nao miaka na ningali nawaogopa. Haya, shika kizimba hiki. Kidole usitie ndani."

Nilitia kidole ndani. Alama ninayo hadi leo.

Huyo alikuwa Mzee Heri, mtu wa Mombasa ambaye jamaa zake walihamia Voi pamoja na reli. Kazi yake ilikuwa kutunza wanyama wa majaribio. Hakuwa na shule ila chuo cha Kurani, nami sikuwa na shule ila ya misheni, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja tulibishana juu ya kila jambo isipokuwa moja: kwamba kiumbe ni wa Mungu hata akiwa na mkia. Alikuwa na kibakuli cha bati. Kila mnyama aliyekuwa akienda kufa alinyweshwa kwanza kutoka kibakuli hicho, awe kuku, awe panya. "Kwetu," aliniambia siku ile ile ya kwanza, "mnyama hachinjwi na kiu. Akienda kwa Muumba wake asiende kushtaki." Niliona ni jambo jema, na bado naliona hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tauni huja na kiroboto, kiroboto huja na panya, panya huja na nafaka, na nafaka huja na garimoshi. Garimoshi hatukuweza kulizuia. Kwa hiyo tulifukiza mabehewa na maghala kwa kiberiti cha manjano, kile kile cha unga ambacho mama zetu walitupaka tulipokuwa na upele. Kikichomwa hutoa hewa kali inayokata pumzi. Kwamba inaua, kila mtu alijua. Kitu ambacho hakuna mtu Voi aliyekijua ni kiasi kinachotosha. Kikiwa kidogo, panya hupiga chafya na kwenda zake, na watu hulala wakidhani wameokoka. Kikizidi, nguo hupauka, mabati huliwa na kutu, nafaka hunuka, na mwashaji mwenyewe hutolewa akiwa amebebwa. Sisi tuliajiriwa kutafuta mahali palipo katikati ya hayo mawili.

Daktari tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa na jozi mbili, moja puani na moja juu ya paji la uso, na mara nyingi alikuwa akitafuta ya tatu. Kiswahili alijifunzia Unguja, kikawa kizuri kuliko changu, jambo ambalo Mzee Heri hakuchoka kunikumbusha. Alikuwa ameunda sanduku lenye ubavu wa kioo na tundu dogo la kuingizia moshi. Kiberiti alikipima kwa mizani, tukakichoma, tukauingiza moshi, na mimi nikakaa mbele ya kioo na saa mkononi. Nilitakiwa kusema ni lini panya anaanza kujisugua pua, lini macho yanatoa maji, lini anajikunyata pembeni, lini pumzi inashuka tumboni, lini anaanguka.

Siku ya kwanza nilisema, "Bwana, moshi ulikuwa mwingi, akafa upesi."

"Mwingi kiasi gani? Upesi kiasi gani?"

Niliitazama saa mkononi.

"Mwingi na upesi ni maneno ya barazani," alisema, bila ukali. "Moshi mdogo ukikaa kutwa waweza kuua sawa na moshi mkali wa kupita. Lakini si kila mara. Hiyo 'si kila mara' ndiyo tuliyoletwa kuitafuta."

Tuliitafuta miaka. Nilijifunza kwamba panya mmoja ni hadithi, na panya wengi ndio habari. Nilijifunza kwamba panya aliyeshiba hafi sawa na mwenye njaa, wala mdogo sawa na mkubwa, na kwamba kuku huaga dunia mapema kuliko panya. Kuku wa kwanza alipoanguka, mwashaji wetu Mutua, Mkamba mrefu aliyebeba makarai ya moto kama mtu abebaye mkate, alichungulia kwenye kioo akauliza, "Huyu amekufa au ameiva?" Daktari alikataza asiliwe. Mutua alihuzunika wiki nzima.

Sikuipenda ile sehemu ya kufa, siwafichi. Nilisali kabla ya kila jaribio, kwa ufupi, kwa sababu saa ilikuwa mkononi. Nilimweleza padre nilipopanda nyumbani, akaniambia niangalie vizuri ili asife hata mmoja bure. Ushauri huo ndio ulionifanya mhesabuji. Mnyama aliyekufa na hesabu ikapotea, huyo amekufa bure.

Kisha vita vilikuja, reli ikanyoshwa kuelekea Taveta, na Voi ikajaa askari, nyumbu, masanduku ya biskuti na panya wa kila kabila. Tulifukiza mabehewa mpaka tukanuka kiberiti kanisani. Watu walisogea tulipoketi, nasi tukapata benchi zima. Sitaeleza zaidi habari za miaka hiyo. Waliopigana watazieleza wenyewe.

Nataka kueleza habari za ghala la mahindi.

Baada ya vita mvua ilikataa. Ilikataa tambarare, kisha ikakataa milimani, jambo ambalo wazee wa Mwanda walikuwa hawajazoea. Mihogo iliisha, viazi vikaisha, watu wakala mbegu walizoziweka kwa kupanda. Serikali ikaleta mahindi kwa garimoshi na kuyaweka katika ghala kubwa la mabati karibu na stesheni, yapandishwe milimani yagawiwe. Kabla gunia la kwanza halijatoka, mchukuzi mmoja aliokota panya waliokufa chini ya rundo. Daktari aliwapasua, akatazama kwa hadubini yake, akavua miwani yote miwili. Ilikuwa tauni.

Bwana Mkubwa wa Afya alikuja kutoka Mombasa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameona tauni ikiingia nyumba kwa nyumba mahali pengine na hakutaka kuiona tena. Alisema mahindi yale yakipanda milimani yatapanda na viroboto, na ghala lichomwe kama lilivyo. Bwana Miwani alimwomba nafasi: tulifukize, na katikati ya magunia tuweke panya wazima waliokamatwa porini upande wa Sagalla, mbali na ugonjwa, pamoja na viroboto ndani ya vifuko vya kitambaa chepesi. Wakifa wote, hata wale wa moyoni kabisa mwa rundo, basi hakuna kiroboto wala panya mwingine aliyebaki, na mahindi yatoke. Bwana Mkubwa alikubali.

Siku hiyo hiyo dada yangu Mghoi aliteremka kutoka Mwanda na kikapu kitupu. Wanawake wengi wa milimani walikuwa wameketi kando ya uzio wa stesheni na vikapu vyao, wanalitazama lile ghala.

"Kaka, wanasema yatachomwa. Kweli?"

"Bado. Tunajaribu kwanza."

"Bado ndiyo nini? Mama hawezi kula 'bado'."

"Anakula nini?"

Alitazama kando. "Anasema hana njaa," akajibu.

Ninyi mliolelewa na mama mnajua maneno hayo maana yake nini.

Tulilifunga ghala kwa kanuni. Nyufa zote za mabati tulizibandika karatasi kwa uji wa unga, na chini tukaziba kwa udongo. Makarai ya kiberiti yaliketi ndani ya mabeseni ya maji ili moto usishike sakafu. Vizimba tulivipanga chini, juu, karibu na mlango, na kimoja kimoja ndani ya njia nyembamba tuliyoiacha kati ya magunia hadi moyoni mwa rundo. Kupanga huko kulichukua muda, na jua la Voi mnalijua. Mutua aliwasha, akatoka mbio, tukaziba mlango.

Tulipofungua na hewa ikatoka, nilitangulia kuingia. Panya wa kizimba cha kwanza, pale mlangoni, alikuwa amekaa anajipangusa masharubu. Wa pili alikuwa hai. Wengine walikufa, wengine walikuwa wanakohoa, na wale wa moyoni walikuwa wazima kuliko mimi.

Daktari aliongeza kiberiti. Tukafukiza tena, moshi mkali kuliko wowote tuliowahi kuupima katika sanduku la kioo, kiasi ambacho kwa hesabu zangu zote za miaka kilitosha kuua ng'ombe. Tukafungua. Panya walikuwa hai tena.

"Daktari," alisema Bwana Mkubwa, "umejaribu vizuri."

"Nipe mara ya tatu."

"Ya tatu na ya mwisho. Na mafuta ya taa yaletwe, yasubiri hapa." Yakaletwa, madebe kwa madebe, yakapangwa kando ya reli mahali ambapo wanawake wa vikapu wangeweza kuyaona. Hawakuambiwa ni ya nini. Hawakuhitaji kuambiwa.

Mutua na mimi tuliingia kutoa vizimba. Alikuwa akisogeza magunia ya katikati aliposimama ghafla. "Mwadime," aliniita, "njoo utazame maajabu." Kando ya kizimba, kati ya gunia na gunia, walilala panya wawili wa ghala, wamekufa, wamekauka midomo kwa moshi. Ndani ya kizimba, umbali wa shubiri moja, panya wetu wa Sagalla alikuwa anatafuna punje.

"Wale wa nje wamekufa," alisema Mutua, "na huyu mgeni anakula chakula cha matanga."

Nilikwenda kumwita daktari nikiwa nakimbia. Alijipenyeza kwa tumbo mpaka pale, akatazama, akatoka na vumbi la mahindi kichwani. Aliketi juu ya gunia akatuita sote. "Moshi umefika," alisema. "Wa ghala wameuvuta wakafa. Wetu hawakuuvuta. Kwa nini? Kila mmoja aniambie anachokifanya tangu asubuhi, hata jambo dogo."

Mutua alisema yake. Mimi nilisema yangu. Zamu ya Mzee Heri ilipofika, alieleza bila wasiwasi, kama mtu asemaye jinsi anavyotia udhu.

"Navitoa vizimba vyao alfajiri. Nawanywesha. Kisha, kwa vile wangoja juani muda mrefu mkipanga magunia, navifunika vizimba kwa gunia lililorowa maji tele. Ikifika zamu ya kizimba kuingia, nalirowesha tena ndipo nampa Mutua. Joto la humo ndani ni la jahanamu, na kiumbe aenda kufa. Asife na kiu."

"Gunia hilo hubaki juu ya kizimba?"

"Hubaki. Nani angeliondoa?"

Daktari aliomba gunia moja kati ya yale tuliyoyatoa. Lilikuwa bado na unyevu. Alilikamua katika kikombe, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Kisha alitoa mfukoni kikaratasi chake cha buluu, kile kinachogeuka chekundu kikiguswa na uchachu, akakichovya. Kiligeuka papo hapo.

"Maji yameunywa moshi," alisema polepole. "Kabla haujamfikia panya, maji yameunywa." Ndipo akaeleza kwamba hewa ile ya kiberiti hupenda maji kuliko kitu chochote, hukimbilia humo na kuwa uchachu. Katika sanduku la kioo hatukuwahi kuweka kitambaa kilichorowa, ndiyo maana hesabu zetu za kule zilikuwa sawa. Wale wetu waliokufa walikuwa wa vizimba ambavyo magunia yake yalikauka au yalianguka. Na wale wa moyoni mwa rundo, mbali na joto la makarai, magunia yao hayakukauka kabisa.

Alisema hayo kwa furaha, kama mtu aliyepata miwani ya tatu. Lakini Mzee Heri alikuwa ameketi chini. Alikuwa anatazama uzio, wale wanawake, yale madebe.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Nimewahurumia panya, nikawachomea watu chakula."

"Hakijachomwa, mzee," nilimwambia.

"Mama yako yuko wapi?"

Niligeuka kuitazama milima.

"Bwana Daktari," akasema, "panya wako wachukue. Siwezi kuwapeleka kavu. Sijawahi kumpeleka kiumbe na kiu, na sitaanza leo, uzeeni."

Mutua ndiye aliyemjibu, "Mzee, kwani mtu akishakunywa maji lazima aende nayo kitandani? Wanyweshe washibe. Kisha toa kibakuli."

Mzee Heri alimtazama. "Kweli Mkamba ana akili," alisema mwishowe. "Siku moja moja."

Basi mara ya tatu ilifanyika hivyo. Tuliwaweka panya kivulini, chini ya paa la stesheni, si juani. Mzee Heri alimnywesha kila mmoja kwa kibakuli chake cha bati mpaka akageuza uso. Aliwasubiri wakauke. Aliwafunika kwa gunia kavu. Yale yaliyorowa aliyarusha kando ya mlango. Kiberiti daktari alikirudisha katika kiasi cha kwanza, kile cha sanduku la kioo, ili mahindi yasiharibike. Bwana Mkubwa alisimama akitazama, mikono nyuma. Mghoi alikuwa uzioni, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilijua anasali, nami nikasali naye kwa mbali.

Mutua aliwasha, akatoka, tukaziba. Mlangoni tulikuwa tumetia kioo kidogo cha kuchungulia, na mwali wa kiberiti ni wa buluu, hauonekani vizuri mchana mpaka uweke mikono kando ya macho. Mutua alichungulia. Akachungulia tena.

"Karai la nyuma limezimika."

Kipande cha udongo tulioziba nao kilikuwa kimeanguka kutoka juu, kikalifunika. Bila karai hilo moshi usingetosha. Mkiongeza kiberiti baadaye, hesabu imevunjika, na Bwana Mkubwa alikuwa ameahidi mara tatu, si mara nne.

"Imeshindikana," alisema Bwana Mkubwa. Hakufurahi kusema hivyo, nampa haki yake. Aligeuka kuwatazama watu wa madebe.

Sikufikiri sana. Niliokota gunia mojawapo la Mzee Heri kando ya mlango, lile lililorowa, nikalifunga puani na mdomoni mara mbili. Daktari alinishika mkono. Nilidhani atanizuia. Alinitazama, akalitazama gunia, kisha akalichukua, akalizamisha upya katika ndoo na kunifunga mwenyewe.

"Usivute pumzi kwa pupa," alisema. "Kidogo kidogo. Likianza kuchacha mdomoni, geuka, hata kama hujawasha. Umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Mutua alinipa chupa ya spiriti na njiti za kuwashia, akanifunga kamba kiunoni. "Ukianguka nitakuvuta," alisema, "lakini siahidi kukuvuta kwa upole."

Nilipita mlango mdogo wa ubavuni. Niseme ukweli, ndani humo nilijua alichokijua kila panya niliyewahi kumtazama kwenye kioo. Macho yalitoa maji kwanza. Nikataka kujikunyata pembeni. Lakini pumzi iliyopita katika lile gunia ilikuwa baridi, yenye uchachu kidogo kama maziwa yaliyolala, na ilishuka. Nilitambaa mpaka kwenye karai, nikaondoa udongo kwa mikono, nikamimina spiriti, nikawasha njiti. Mwali wa buluu ulisimama. Gunia lilikuwa limeanza kuchacha mdomoni. Niligeuka, na Mutua, akiona kamba inatikisika, alinivuta kama gogo, sawasawa na alivyoahidi.

Mzee Heri aliniosha macho kwa maji ya kibakuli cha panya. Sikuuliza.

Tulipofungua, Bwana Mkubwa aliingia pamoja nasi. Kizimba cha mlangoni: amekufa. Vya chini: wamekufa. Vya juu: wamekufa. Mutua alisogeza magunia, kizimba cha moyoni kikatoka, na panya wa Sagalla, yule aliyekuwa akila matanga ya wengine, alikuwa amelala ubavu, ameshiba maji, amekufa. Daktari alifungua vifuko vya viroboto juu ya karatasi nyeupe, mmoja mmoja, kwa subira iliyotutesa. Hakuna aliyeruka.

Bwana Mkubwa alivua kofia yake, akajipangusa jasho, akasema, "Rudisheni madebe haya ya mafuta. Yanaweza kusababisha moto."

Uzioni kulipigwa vigelegele mpaka garimoshi la Mombasa likaingia bila kusikika. Mzee Heri alisema, "Alhamdulillahi," mimi nikasema, "Asifiwe Mungu," na Mutua akasema kwamba sasa, kwa hakika, apewe kuku. Alipewa.

Mahindi yalianikwa juani kutoa harufu, kisha yakapanda: vichwani, mgongoni, kwa punda, kupita Bura na kila njia iendayo juu. Tauni haikupanda nayo. Mimi nilipanda nyuma ya kikapu cha Mghoi. Nyumbani Mwanda tulisaga, tukasonga, na Mama akawekewa wa kwanza. Alimega tonge, akanusa, akanitazama.

"Ugali huu unanuka dawa ya upele."

"Ndiyo, Mama."

Alikula. Alikula wote. Kisha akasukuma sahani mbele akasema, "Basi na huo upele uliobaki chunguni, niongezeeni."

Tangu siku hiyo hakuna mfukizaji wa kwetu anayekaribia moshi bila kitambaa kilichorowa shingoni. Tumetoa watu watatu walioanguka ndani ya mabehewa kwa njia hiyo, na wote walikwenda nyumbani kwao kwa miguu. Lakini msidanganyike. Kitambaa ni cha kuingia na kutoka, si cha kukaa. Kikichacha mdomoni, geukeni. Na katika majaribio, kiwe mbali na vizimba, maana maji hayajui yupi ni mtu na yupi ni panya, huwaokoa wote.

Mzee Heri alitangulia mbele ya haki akiwa kazini bado, asubuhi, kabla ya jua kuwa kali, vizimba vikiwa vimekwisha fagiliwa. Mutua ndiye aliyechimba kaburi pamoja na jamaa zake, nami nilisimama kando na kusali kwa namna yetu, na hakuna aliyeniambia nisogee. Daktari alirudi kwao, na nasikia bado anatafuta miwani.

Kijana wangu, uliniuliza niliipendea nini. Nenda nyuma ya ghala. Kwenye rafu, juu ya vizimba, kuna kibakuli cha bati. Kina kutu ukingoni lakini hakivuji. Kijazeni kwanza, mngoje mpaka panya wa mwisho ageuze uso. Ndipo mwashe kiberiti.